Furushi Tupu

6 Februari

Mjomba wangu, mfalme wa mvuke,

Shikamoo. Naiweka mwanzoni kabisa, usije ukasema nimepata kiti cha kuzunguka nikapoteza adabu. Mkaza mjomba naye mpe shikamoo yake, umwambie lile shati alilonishonea limeniletea sifa ofisini. Wananiuliza nimelinunua duka gani, nami nawaambia siri ya familia. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina bomba linalovuja, tone moja kila pumzi tatu. Nimelizoea hivi kwamba lisipodondoka nashtuka.

Sasa kaa vizuri, maana habari hii haisomwi kwa kusimama. Yule mpwa wako aliyetolewa darasani, akamalizia hesabu akichungulia dirishani, ndiye sasa anayeamua boila lako liwake au lisiwake!

Ilikuwa hivi. Meneja aliniita ghorofani, mimi niliyeajiriwa na kiwanda chetu cha kufulia kuchapa lebo za mashuka. Akaniuliza, "Wewe kijana wa kompyuta, una cheti?" Nikamwambia, "Cheti sina, mzee, lakini hata kompyuta haina, na mbona inafanya kazi?" Akacheka mpaka chai ikampalia. Nikapewa kazi palepale: kila asubuhi kisanduku kilichofungwa kwenye kila boila kitatuma vipimo vya geji makao makuu, na programu yangu itajibu. Ikisema WASHA, taa ya kijani inawaka kwenu. Ikisema SIMAMA, nyekundu.

Ndani ya programu kuna kitu kinaitwa fankisheni. Usiogope jina. Ni kama dobi aliyejifungia chumbani: unampitishia vitu dirishani, anavifanyia kazi, anakurudishia jibu. Hivyo vitu unavyompa ndivyo vigezo. Ya kwanza niliiandika ipokee vigezo vitatu, kwa kuwa tawi dogo lina geji tatu. Ikatulia. Nikaipeleka tawi la pili lenye geji tano, ikapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa: niliomba vitatu, umeleta vitano, sifanyi! Na tawi lako lina nane. Mwenye cheti angeandika fankisheni tatu tofauti, kila tawi na yake, kama mtu anayenunua kofia kwa kila nywele. Mimi je? Nikaweka nyota.

Nyota moja tu, Mjomba, kile kialama cha kwenye kibodi, mbele ya jina la kigezo. Maana yake: leta ulivyonavyo, viwili, vinane, mia, mimi nitavifunga vyote furushi moja, kisha nitalifungua mwenyewe nikague kimoja kimoja. Nimeipa jina wotesawa. Hii hapa, nimeigeuza kwa lugha yetu usipate kizunguzungu:

wotesawa(*geji):
    kwa kila g iliyomo ndani ya geji:
        kama g ni mbovu, jibu SIMAMA
    jibu WASHA

Mistari minne! Ibandike ukutani. Barua nampa dereva wa lori la mashuka, kama ulivyoagiza, maana wewe na simu ni paka na maji.

Ni mimi mpwa wako,
Profesa wa Dirishani


19 Februari

Profesa,

Marahaba. Barua yako nimeitoa ndani ya furushi la foronya, inanukia sabuni kuliko wewe ulivyowahi kunukia katika nyumba hii. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua, cherehani anaikanyaga kwa mguu mmoja, lakini ulimi haujapata maradhi. Anasema hilo shati ulifue wewe mwenyewe, usilichanganye na mashuka ya hospitali.

Nimefurahi, sitaficha. Mama yako angekuwepo angetembea na barua hiyo mtaa mzima. Nimewasomea wenzangu wa chumba cha boila, Mrefu na Babu Geji. Mrefu alisema umetoka mbali, tangu siku uliyotumbukiza kiatu changu ndani ya tangi.

Simu siitaki kwa sababu moja, nawe unaijua. Maneno ya simu hayana saini. Sisi watatu tumekaa na moto huu miaka kumi na tisa, na unajua tunavyofanya. Mmoja anasoma geji kwa sauti. Wa pili anarudia alichosikia. Wa tatu anaandika kwenye daftari, tunatia saini zote tatu, ndipo moto uwashwe. Mwaka ule Babu Geji alipokaukiwa na sauti kwa mafua, tulikaa dakika arobaini boila likiwa baridi mpaka akapata wazo la kuandika kwa chaki sakafuni. Meneja wa wakati huo alitutukana mpaka akachoka. Tulimwacha atukane. Kwetu sisi, ambaye hajasikika hajasema ndiyo.

Kwa hiyo nina swali. Hiyo fankisheni yako ya kwanza, iliyopiga kelele, ndiyo niliyoipenda. Hii ya nyota umesema niiletee viwili, vinane, mia. Na nisipoiletea kitu? Furushi likifika tupu, dobi wako anajibu nini? Sikusoma kompyuta, lakini nimeifuata mistari yako minne kwa kidole mara tatu, na kila mara kidole kimeishia kwenye WASHA. Babu Geji naye amejaribu. Kidole chake kimeishia palepale.

Nijibu hilo kabla hujaniletea taa.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba, daktari wa mabomba,

Shikamoo tena, na pole kwa goti la mkaza mjomba. Mwambie apumzishe goti na ulimi kwa zamu. Bomba langu bado linavuja. Nimenunua ndoo, sasa limekuwa na mlio mzuri zaidi.

Swali lako nimewasomea wenzangu hapa, tumecheka mpaka mama wa pasi akapanda kuuliza kuna nini. Mjomba! Nani anakwenda dirishani kwa dobi, anamgongea, halafu anampa hewa? Kisanduku kimeunganishwa kwa waya, na waya haushikwi na mafua kama Babu Geji. Geji nane zitakuja nane, kesho nane, siku ya kiama nane. Wewe na kidole chako mpumzike.

Tena nimeongeza ufundi. Kuna nyota mbili, hujui hilo. Ukiweka nyota mbili mbele ya kigezo, kila kitu kinakuja na jina lake, kama mashuka ya hospitali yanavyoshonewa lebo: hili la wodi ya watoto, hili la chumba cha upasuaji. Kwa hiyo presha itakuja imeandikwa presha, maji yameandikwa maji, na ukiniletea kitu nisichokijua nakifunga humohumo na jina lake. Simkatalii mtu. Programu yangu ina moyo mkubwa kuliko wa padri.

Meneja amefurahi sana. Jana alinisimamisha ngazini akaniuliza, "Kule kwa mjomba wako, geji zinasomwa na watu wangapi?" Nikamwambia watatu, wazee hodari, wanaimba kama kwaya. Akatoa kalamu akaandika. Nadhani anataka kuwapa zawadi.

Profesa wa Dirishani, sasa mwenye meza yake


28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumbani hatujambo. Cherehani imevunjika sindano, na mkaza mjomba wako anakusalimu.

Zawadi imefika. Mrefu na Babu Geji wameachishwa kazi Jumatatu. Barua zao zilikuwa na mistari mitatu, fupi kuliko hata programu yako. Babu Geji alikaa kwenye ngazi ya boila na barua mkononi akaniuliza, "Hii nairudia kwa sauti, au?"

Nimebaki peke yangu na taa. Daftari limechukuliwa, wanasema kompyuta inaweka kumbukumbu. Kioo cha kuonyesha maji kimeingia ukungu, hakionyeshi kitu. Nimeomba kipya mara mbili. Msimamizi wa zamu ananiambia, "Cha nini? Geji ya maji si inatumwa?" Kuna karatasi imebandikwa ukutani, pale ulipotaka nibandike yako: taa ya kijani ikiwaka, washa ndani ya dakika mbili.

Nimekuuliza kuhusu furushi tupu. Hukunijibu. Ulinichekesha, na kuchekesha si kujibu. Nauliza tena.

Mjomba wako


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Lakini tuseme ukweli, mimi sikumfukuza mtu. Mimi niliulizwa idadi nikataja idadi. Kisu kikikata mkono hashtakiwi mhunzi. Na Babu Geji alikuwa anasema mwenyewe kwamba macho yamechoka, si ndivyo? Mrefu atapata kwingine, mtu mrefu hakosi kazi.

Kuhusu furushi tupu, nitaliangalia nikipata nafasi. Sasa hivi nimebanwa, Meneja anataka niweke taa hizi matawi mengine manne. Nimepewa ufunguo wa ghorofani. Ungeniona! Kila nikipanda, wale wenye vyeti wananipisha.

Likitokea lolote niandikie. Usipoandika, nitajua mambo shwari.

Profesa


12 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo mara mbili kwa ile ya mwezi uliopita. Hujajibu, kwa hiyo najua mambo shwari, ni uvivu wako tu wa kushika kalamu. Mkaza mjomba hajambo? Cherehani imepata sindano? Bomba langu limetengenezwa. Chumba kimekuwa kimya mno, sikipendi.

Sina jambo kubwa. Nauliza tu, kwa kuwa nimekumbuka: asubuhi ya tarehe 3 ulikuwa zamu? Hapa tumesikia kulikuwa na hitilafu ndogo ya mvuke kwenye tawi lenu. Neno walilotumia ni "ndogo". Nami nimesema moyoni, ingekuwa kubwa tungeambiwa, na angekuwa Mjomba mtu angenishika bega. Hakuna aliyenishika bega.

Na kile kisanduku, kuna mtu alikichomoa siku hiyo? Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Kwenye kumbukumbu kuna mahali pamekaa peupe.

Nimeongeza mstari mmoja kwenye wotesawa. Usafi tu, kama mtu anavyofagia kizingiti. Sasa ina mistari mitano.

Dereva wa lori anapokea barua hii bila kunitazama. Sijui nimemkosea nini.

Mpwa wako


31 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Ninayeandika ni mimi, mkaza mjomba, kwa sababu mkono wa mjomba wako hauandiki.

Asubuhi ya tarehe 3 fundi mmoja, mpaka rangi, aliingia chumba cha boila kupaka ukuta. Kisanduku kilikuwa kinamzuia, akachomoa waya akakisogeza. Hakujua, ni mpaka rangi tu. Mjomba wako alipofika taa ilikuwa ya kijani. Alisimama. Anasema boila lilikuwa na mlio mkavu. Msimamizi akaja.

"Unangoja nini?"

"Nasikiliza maji."

"Taa ni ya kijani. Hospitali wanasubiri mashuka, wewe unasikiliza maji?"

"Nipe dakika kumi nifungue bomba la chini nihakikishe."

"Dakika ni mbili. Soma ukuta."

Akawasha. Maji yalikuwa yameshuka, ndani mlikuwa mkavu. Baada ya muda gasketi, ile pete inayoziba mlango wa ukaguzi, ilipasuka na mvuke ukamkuta kwa upande wa kulia. Mkono wote, shingo, na sikio. Jicho wameliokoa. Alilala hospitali siku ishirini na tatu, juu ya mashuka yenye lebo ya kiwanda chake mwenyewe.

Sasa wanasema ni uzembe. Wanasema kumbukumbu ya kompyuta inaonyesha WASHA, kwa hiyo kila kitu kilikuwa sawa, kwa hiyo mbovu ni yeye. Cheti chake cha boila kimechukuliwa. Kamati itakaa kuamua kama atafutwa moja kwa moja. Hatakuwa na haki ya kukaribia boila lolote, mahali popote, na jina lake litaandikwa kwenye orodha ya wazembe pamoja na walevi. Anasema mkono aliukubali siku ileile. Hilo la jina ndilo linalomnyima chakula.

Barua yako ya tarehe 12 nilimsomea. Alinitaka niisome mara mbili pale pa mistari mitano. Kuna jambo ameniambia nisikuandikie, kwa hiyo siandiki.

Mkaza mjomba wako


9 Juni

Mkaza mjomba, na Mjomba,

Shikamooni. Poleni, poleni sana, sijui niandike mara ngapi. Nimeisoma barua nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja. Natuma marhamu ya kuungua, aliniambia mwuza dawa kuwa ni nzuri kuliko zote, mpake asubuhi na jioni.

Huyo mpaka rangi ningempata! Mtu anachomoa waya asioujua kama anachomoa mwiba wake! Na huyo msimamizi, kichwa chake na ndoo yangu ya bomba havina tofauti, ila ndoo ina mlio mzuri. Hawa ndio wa kuulizwa. Hapa nimewaambia wote kwamba Mjomba si mzembe, Mjomba ni mtu wa saini tatu. Walinisikiliza.

Kazi ni nyingi. Nitaandika zaidi.

Mwenu


2 Julai

Profesa

naandika kwa kushoto vumilia

Kamati ni tarehe 24 Julai. Wamenionyesha karatasi zao. Moja ina saini yako. Inasema programu ilifanya kazi kama ilivyoandikwa.

Nimeitazama sana. Ni kweli. Ilifanya kama ilivyoandikwa.

Saini yako nzuri. Nilikufundisha mimi juu ya daftari la boila ukiwa na miaka saba.

Marhamu imefika. Asante.


14 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za bomba.

Nilisaini tarehe 5 Juni, siku nne kabla ya kuwaandikia poleni. Meneja aliisukuma karatasi mezani akasema, "Soma, kuna uongo hapo?" Nikasoma. Nikasema, "Hakuna." Akasema, "Basi tia saini, unaogopa nini?" Nilitia. Kalamu ilikuwa yake.

Tarehe 8 Mei niliona kumbukumbu. Tarehe 3, saa moja na dakika mbili asubuhi, tawi lako. Pa geji pamekaa peupe. Pa jibu: WASHA. Nikafungua programu nikaiita wotesawa kwa mabano matupu, bila kuipa kitu. Haikupiga kelele. Haikuuliza. Nyota inakubali vinane, inakubali viwili, inakubali na sifuri, inafunga furushi lisilo na kitu kwa heshima zilezile. Halafu ule mstari wa kutafuta geji mbovu unapita juu ya furushi tupu, haukuti mbovu, kwa sababu haukuti chochote, na unashuka kwenye WASHA. Hapohapo kidole chako kilipoishia.

Nikaweka mstari: furushi likiwa tupu, jibu SIMAMA. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Ndio huo wa tano.

Sasa nimeandika maelezo kwa kamati, kurasa mbili, pamoja na programu ya zamani na mpya. Nimeeleza kwamba si uzembe wako. Bahasha ni ya kaki, iko ndani ya hii. Mfikishie mwenyekiti kabla ya tarehe 24. Ningekuja mwenyewe, nauli ninayo, na basi ni la siku moja. Ila Meneja atakuwepo, na wale wenye vyeti, nami mbele za watu huwa nageuka mcheshi, unanijua. Karatasi itasema vizuri kuliko mimi.

Dereva amechukua. Usiponijibu nitajua zimefika.

Mpwa wako


10 Agosti

Mpwa wangu,

Nimemwambia mkaza mjomba wako aandike nikisema, mkono wa kushoto umechoka.

Lori lilikatika ekseli tarehe 15 Julai. Lililala gereji wiki tatu. Bahasha zako zimefika tarehe 7 Agosti, ndani ya furushi la mataulo yaliyoota ukungu.

Kamati ilikaa siku yake. Walikuwa watano, nyuma ya meza ndefu, na jagi la maji. Babu Geji na Mrefu walikuja, wakazuiwa mlangoni kwa kuwa si wafanyakazi tena. Mwenyekiti alisoma karatasi ya Meneja, akasoma yako yenye saini. Akauliza, "Kuna mwenye neno la kumtetea?"

Nikasema, "Ninalo mimi."

"Wewe ndiye unayezungumziwa. Mwingine?"

Hakuna aliyeinua mkono. Nilitazama mlango. Sitakuficha, niliutazama.

Akamwambia karani, "Hakuna pingamizi. Andika."

Uliisoma barua yangu ya Februari ukacheka mpaka mama wa pasi akapanda ngazi. Basi nami siku ile nilitaka kucheka. Watu watano wenye vyeti, Profesa, na hawakuwa na mstari wa tano.

Maelezo yako nimeyasoma. Kurasa mbili. Moja na nusu inaeleza nyota. Imeelezwa vizuri. Mahali unapojitaja wewe umeandika "kosa lilijitokeza". Nimekulea, nami sijawahi kukuona ukisema kiatu changu kilijitumbukiza.

Rufaa iko kwa mkaguzi mkuu wa maboila. Inafungwa tarehe 30 Agosti. Nilipeleka kurasa zako, karani wake akanirudishia. Karatasi hawataki, wana karatasi yako nyingine. Wanataka mtu aje na mdomo wake. Sikuombi. Nakuarifu.

Barua hii ukitaka usiijibu. Lakini usipojibu sitasema umekubali, wala sitasema umekataa. Nitasema umenyamaza.

Mjomba wako


29 Agosti

Mjomba,

Barua hii sikumpa dereva. Naiandikia juu ya benchi lililo nje ya nyumba yako. Mkaza mjomba anasema uko macho lakini hutoki, na kwamba hatanibebea maneno ya mdomo, niandike. Amenipa karatasi ya kukatia vitambaa.

Nilishuka kwenye basi jana. Leo saa tatu nilikuwa kwa mkaguzi mkuu. Ni mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, na nyuma yake kuna geji ya zamani iliyopasuka kioo. Sikufanya mzaha hata mmoja. Nilitamani mara mbili.

Nilimwonyesha mistari minne. Aliifuata kwa kidole. Kidole chake kikaishia kwenye WASHA. Akanitazama juu ya miwani.

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Karatasi ya tarehe 5 Juni nani alisaini?"

"Mimi."

"Ulijua lini?"

Nikasema tarehe 8 Mei, nilipoona kumbukumbu. Akaandika. Kalamu yake ina mlio, inakwaruza. Ikaandika nane, ikaandika Mei, nami nikaisikiliza, na kabla hajaweka nukta nikamwambia, futa. Nikatoa barua yako mfukoni, ile ya tarehe 19 Februari. Nikamwambia, "Nilijua mwezi wa pili. Niliulizwa kwa maandishi na mtu aliyejua. Nikawasomea wenzangu tukacheka." Ameibakiza. Ina saini yako ya mkono wa kulia, nami nimebaki bila.

Akaniambia nirudie kwa sauti, karani aandike, kisha tukatia saini watatu. Sikumfundisha mimi.

Cheti chako kitarudi. Jina lako litafutwa kwenye uzembe, liandikwe la kiwanda, na langu. Sitaandika tena programu ya mashine yenye moto. Hilo ameliandika pia, nami nimelisaini bila kuuliza kama lina uongo. Kuhusu mkono nilimuuliza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakusema kitu, wala sikumsemea.

Babu Geji nimempita dukani. Nilimwamkia. Hakuitikia.

Mkaza mjomba amekaa kizingitini anangoja niikunje hii akupelekee. Nimesikia kiti chako kikisogea, kisha kikatulia. Zamani ningekwambia hiyo ni dalili njema.

Niko hapa kwenye benchi. Shikamoo.